MX-5 au 86 ya kupeleka traki: chagua joto unaloliweza

Ukipita kwenye maegesho saa ya mapumziko, siku ambayo watu wameleta magari yao kuyatimua kwenye traki (uwanja wa mbio), Mazda MX-5 ya zamani unaijua kwa pua kabla ya macho. Kuna harufu tamutamu hivi, kama sharubati iliyomwagikia jiko la moto, hiyo ni kulanti, maji ya kupozea injini, ifuate tu utamkuta mwenye gari kainama mbele ya rejeta na tambara mkononi anaogopa kufungua mfuniko. Toyota 86 haina harufu. 86 unaijua kwa mwenyewe, kakaa ndani mlango wazi, helmeti mapajani, anatazama simu aliyoipachika kwenye dashibodi, na anachotazama ni namba moja tu, joto la oili, 134, 133, 133, 132, anasubiri ishuke ndo azime injini.

Hizo picha mbili ndo ulinganisho wenyewe wakuu, ningeweza kuishia hapa. Watu wengi wakitaka kununua gari ya kuchezea traki swali la kwanza ni ipi ina kasi, la pili ni ipi inapokea turbo vizuri, afu wanashangaa wamebeba gari na vyombo na chakula wakaenda kupiga raundi nne tu, zilizobaki wakashinda wanapoza injini. Barabarani hata ukiwa mkorofi vipi injini unaibana mpaka mwisho sekunde tano sita halafu kuna lori mbele, imepumzika. Traki unaibana dakika 20 mfululizo, na breki zake hivyohivyo, na tairi zake hivyohivyo. Kinachoamua umeendesha kiasi gani siku hiyo ni joto, na hizi gari mbili kila moja joto lake linakaa mahali pake. Kwa hiyo mi nazilinganisha hivyo.

Kwa nini hizi mbili tu? Kwa sababu ndo zinazopatikana, zote zinasukuma kwa nyuma, zote zinapatikana na gia za mkono, karibu zote hazina turbo toka kiwandani, ni nyepesi ukilinganisha na magari ya siku hizi, na spea na vikorombwezo vyake vimejaa. MX-5 ipo toka 1989, vizazi vinne: NA, halafu NB ya 1998, NC ya 2005, na ND ya 2015. 86 ilitoka 2012, Toyota na Subaru waliitengeneza pamoja, injini ni ile ya Subaru iliyolala, kwa hiyo ukisikia GT86, FR-S, BRZ, ni ndugu wa tumbo moja wamebadilishwa nembo na vitu vidogovidogo. Kizazi cha pili chenye injini ya 2.4 kilitoka 2021. Hapa nikisema MX-5 namaanisha zaidi NA na NB, nikisema 86 namaanisha ile ya kwanza ya 2.0. Mi nina NB ya 1.8, jamaa yangu ninayeenda naye traki ana 86 ya 2013, tumeshabadilishana mara kadhaa kwa hiyo sio maneno ya kusimuliwa.

Karatasi inavyosema

NA ya 1.6 ina kama nguvu za farasi 115 hivi na uzito haufiki tani. NB ya 1.8 inacheza kwenye 140 na uzito umeongezeka kidogo ukapita tani. 86 ina farasi 200 kwenye mizunguko 7,000 kwa dakika na kilo kama 1,240. Piga hesabu mwenyewe, kwenye mnyoofu 86 inakuacha, hamna mjadala. Ila hizo farasi 200 zinakaa juu kabisa, na katikati pale, kuanzia kama 3,500 mpaka 4,500, injini inalegea, unakanyaga na unasubiri, kila aliyeendesha hii gari anajua ninachosema. Kwenye traki usumbufu wake sio mkubwa maana unakua juu muda mwingi, lakini ukikosea gia ukaingia kona kwenye namba tatu badala ya mbili utaihisi. Watu wanaiziba kwa kubadilisha manifoldi ya egzosi na kutyuni kompyuta ya injini, na inazibika kweli.

MX-5 haina hilo shimo, inavuta sawasawa mwanzo mpaka mwisho, tatizo tu kinachovutwa ni kidogo. Utapitwa. Nisikudanganye, utapitwa na gari ya familia yenye turbo kwenye mnyoofu, utaikamata kwenye breki na kona mbili, halafu itakupita tena, siku nzima mko hivyo kama kuku na kifaranga. Kama hilo linakukera, chukua 86 usipoteze muda kusoma. Kama linakuchekesha, endelea.

Joto la maji: hapa MX-5 ndo inalia

Hii nataka niielezee vizuri kwa sababu watu wanabadilisha rejeta na bado gari inachemka, afu wanaanza kulaumu fundi.

Injini ya NA na NB asili yake ilitengenezwa kwa gari ndogo za Mazda zenye injini iliyolazwa kiubavu, zinazovuta kwa mbele. Kule maji yalikua yanaingia upande mmoja wa injini na kutoka upande wa pili, yanapita silinda zote nne. Walipoigeuza injini ikae urefu kwenye MX-5, mlango wa kutokea maji ukawa unagonga ukuta wa kati ya injini na sehemu ya dereva, wakaamua kuuhamishia mbele. Kwa hiyo maji yanaingia mbele na kutokea hukohuko mbele, na silinda ya nne kule nyuma inapata makombo. Barabarani hamna shida kabisa, gari zimekimbia miaka 30. Traki, ile silinda ya nyuma inapika taratibu na siku ikichoka ni gasketi ya hedi au hedi yenyewe imepinda.

Na mbaya zaidi mshale wa joto kwenye dashibodi unakudanganya. Mazda waliutengeneza usimtishe dereva wa kawaida, kwa hiyo unakaa katikati palepale joto likiwa 85 na likiwa limepanda sana, halafu ukija kunyanyuka unanyanyuka kwa pamoja na hapo umeshachelewa. Kwenye NA za kuanzia 1995 hata mshale wa presha ya oili ulibadilishwa, unaonyesha ipo au haipo basi, kama swichi ya taa. Kwa hiyo kitu cha kwanza cha kufunga kwenye MX-5 ya traki sio egzosi, ni geji mbili za kweli, ya maji na ya oili. Mi nilifunga geji ya maji nikiwa na uhakika gari yangu haina tatizo, raundi ya sita nikaona 112 na mshale wa kiwandani umetulia katikati pale kama haumo.

Dawa zake kwa mpangilio ambao mi ningeufuata leo: kwanza angalia kama ile sahani ya plastiki ya chini ya injini bado ipo, maana gari nyingi zimetolewa na fundi aliyechoka kufungua bolti akabadilisha oili akaitupa. Ile sio urembo. Bila ile hewa ya chini inajaa nyuma ya rejeta na inayotoka mbele inakosa pa kwenda. Pili, ziba nafasi zote kati ya mdomo wa bampa na rejeta, kwa sponji ngumu au bati, hewa ni kama mtoto anayetumwa dukani, ukimwachia njia ya pembeni atapita hiyo. Hizo mbili gharama yake ni jioni moja na mkasi. Ndo baadae unakuja rejeta nene ya alumini, na ukizidi kuwa mkali unafunga seti ya vipuri vya kurudisha njia ya maji itokee nyuma kama ilivyokusudiwa. Mi nilianza na rejeta, nikarudi nyuma kuziba hewa mwezi wa pili, na kuziba ndo kulileta tofauti kubwa zaidi, nilijiona mjinga kidogo.

Joto la oili: hapa ni zamu ya 86

86 maji yake hayana neno. Inachokosa ni kipoza oili cha maana. Dakika kumi za kukaza na oili inavuka 125, ukiendelea siku ya jua kali inafika 135 na zaidi, na oili inayopendekezwa kwenye kitabu ni 0W-20, ambayo hata ikiwa baridi ni nyepesi kama chai. Kwenye joto lile inazidi kua nyembamba na presha inashuka. Injini haifi siku hiyohiyo, ndo maana watu wanabisha kwamba hamna shida, beringi zinaliwa kimyakimya na bili inakuja baadae.

Dawa yake iko wazi kuliko ya MX-5: funga kipoza oili chenye thamostati yake, (muhimu hiyo thamostati, la sivyo barabarani oili haipati joto la kutosha na hilo nalo ni tatizo), panda kwenye oili ya 5W-30 ya kueleweka, badilisha mapema kuliko kitabu kinavyosema. Kazi ya siku moja na imeisha, huna haja ya kutafiti njia za maji. Ila mipaipu ya kipoza ifungwe na mtu anayejua, mpaipu wa oili ukichomoka kwenye kona unamwaga njiani na walio nyuma yako wanateleza kwenye uchafu wako, ni kati ya vitu vichache vinavyoweza kufanya kundi zima likununie.

Kitu kingine cha 86, tenki la mafuta likishuka chini ya nusu hivi na una tairi za kushika sana, kwenye kona ndefu injini inaweza kukohoa kwa kukosa mafuta. Jaza kabla ya kila zamu, basi. Na ile mpya ya 2.4, wenye nazo wamepima presha ya oili wakaona inadondoka kwenye kona ndefu za kulia, kwa hiyo usifikiri ukinunua mpya zaidi umekwepa mambo ya oili, umebadilisha tu sura yake. Nguvu yake ya katikati tamu lakini, lile shimo wameliziba.

Breki

Hapa uzito ndo unaongea. Breki inageuza mwendo kuwa joto, kilo 200 zaidi na kasi kubwa zaidi mwisho wa mnyoofu maana yake 86 inapika diski zake zaidi kila kona, raundi baada ya raundi. MX-5 ukibadilisha pedi na mafuta ya breki umemaliza, diski za kiwandani zinatosha kwa miaka. 86 nayo pedi na mafuta vinatosha kuanzia, ila pedi zinaisha haraka na ukizidi kuwa mkali utaanza kutamani diski kubwa.

Kwenye mafuta ya breki nina aibu yangu. Mafuta ya DOT 4 kiwango chake cha chini kuchemka ni digrii 230 yakiwa mapya, yakishanyonya unyevu wa hewa kiwango ni 155. Digrii 75 zinapotea kwa unyevu tu. Mi nilikua najua hizi namba kwa kichwa, nilishawahi hata kumsomesha mtu, na bado asubuhi moja nikapiga bleed (kusukuma mafuta ya zamani na hewa vitoke kwenye breki) kwa chupa niliyoifungua mwaka juzi yake kwa sababu ilikua imebaki nusu na roho iliniuma kuitupa. Raundi ya tano pedo ikawa ndefu. Ya sita ikazama, mguu unasukuma sponji, nikaipampu mara tatu huku kona inakuja, nikashusha gia kwa fujo gari ikaandika mstari nyuma, nikatoka kwenye majani pembeni bila kugusa kitu. Jamaa yangu alikua nyuma yangu kwenye 86 akaona kila kitu. Tulivyorudi hakusema neno, alienda kwenye buti lake akaniletea chupa mpya ya mafuta ya mashindano imefungwa, akaiweka juu ya boneti yangu, akaondoka.

Kwa hiyo gari yoyote utakayochagua: chupa mpya, ya kiwango cha juu, kila msimu angalau. Ukiona mtu anauza seti ya breki kubwa kabla hajakuuliza umebadilisha lini mafuta, huyo anauza rangi ya kalipa (kile kinachobana pedi kwenye diski).

Tairi, rimu na kemba

86 ilitoka kiwandani na tairi 215/45R17 za Michelin Primacy HP, tairi za kubana mafuta kabisa, jamii ya zile za Prius, na walifanya makusudi ili gari icheze kwa mwendo mdogo. Kujifunzia ni tairi safi kuliko watu wanavyozisema, inakuonya mapema, nyuma inatoka taratibu kama mtu anayeaga. Ila kwenye traki zinachoka na kuungua mabega haraka, kwa hiyo utaingia kwenye tairi za 200 (ile namba ya uimara pembeni ya tairi, ikiwa ndogo ndo inashika zaidi na kuisha mapema). Na hapo tofauti inaanza: MX-5 inavaa rimu za 14 au 15, tairi yake ndogo, gari nyepesi, seti moja inakwenda siku nyingi. 86 inavaa 17, tairi kubwa zaidi, gari nzito zaidi, seti inaisha mapema. Mi na jamaa tulianza msimu na seti mpya pamoja, yeye alifunga ya pili mi nikiwa bado naizungusha ya kwanza, na tulikua tunaendesha siku zilezile. Kwa mtu wa kwenda kila mwezi tairi ndo inayokula hela kuliko kitu kingine chochote, sio injini.

Kemba sasa (sio kamba ya mbuzi, ni ule mlalo wa tairi ukiitazama gari kwa mbele). Ukikata kona gari inalala, tairi ya nje inataka kusimama kwa bega lake. Ukiilaza kidogo kwa ndani mapema, kwenye kona inakaa bapa na mpira wote unafanya kazi. MX-5 ina mikono miwili ya kushikilia tairi juu na chini kila upande, kwa hiyo inavyolala jiometri yenyewe inaisaidia tairi, na ina bolti za kurekebishia toka kiwandani, fundi wa alaimenti anakupa digrii hasi 2 na ushee gari ikiwa imeshushwa kidogo, umeondoka. 86 mbele ina shokapu la kusimama lile la kawaida, halisaidii kivile, na kiwandani hakuna marekebisho ya maana ya kemba mbele. Utanunua bolti maalum za kupata digrii moja na kitu, au sahani za juu za shokapu uende mpaka hasi 3. Usipofanya hivyo tairi za mbele zinaliwa bega la nje mpaka waya unaonekana na katikati bado ina meno mazima, nimeiona kwa macho.

Koilova (shokapu na springi za kurekebisha kimo cha gari)? Baadae. Zote mbili. Seti mbovu ya koilova ni mbaya kuliko shokapu zima la kiwandani, na gari iliyoshushwa mpaka inagusa vizuizi vya ndani kwenye kona inaruka kama chura.

Kichwa chako

Hili watu wanalipita juujuu na ndo linaloamua kwa wengi. MX-5 ni gari ya paa la kukunja, sio la chuma. Viwanja vingi na vikundi vingi havikuruhusu kuingia bila rolba, kile chuma kinachopinda nyuma ya siti kukukinga ikipinduka, na hata wakikuruhusu usiingie. Afu kuna kipimo cha ufito: wanaweka ufito kutoka juu ya rolba mpaka juu ya fremu ya kioo cha mbele, na helmeti yako lazima iwe chini yake ukiwa umekaa umejifunga. Kama una urefu wa maana unafeli hapohapo asubuhi, na siku imeisha kabla haijaanza. Watu wanatoa sponji ya siti, wanafunga siti ya kina, wanakaa kama wanaoga kwenye beseni. Wengine bado hawapiti.

86 ina paa la chuma, unaingia, unafunga mlango, unaenda. Kwa mtu mrefu mjadala unaishia hapa nadhani. Tahadhari moja tu kwa wote wawili, mikanda ile ya pointi nne au sita usiifunge kwenye siti ya kawaida bila kitu kingine eti kwa sababu inapendeza, inakushikilia wima gari ikibonyea juu, na mkanda wa kiwandani ungekuruhusu ulale. Mikanda, siti ya kina, rolba na kifaa cha kushika shingo vinaenda kama familia. Helmeti chukua ya gari, yenye cheti cha Snell cha SA, ile ya M ni ya pikipiki na haina kitambaa cha kuhimili moto kama hiyo.

Ukienda na wenzako

Gari ya traki hutembei nayo peke yako, na hili kwenye makaratasi halipo. Siku moja kabla ya chakula cha mchana niliisikia gari inanguruma tairi la mbele kushoto, kama ndege iko mbali sana inakuja, nikigeuza stelingi kulia inazidi. Habu ya mbele (kitovu cha gurudumu), beringi imekufa, kwenye NA na NB ukishavaa tairi za kushika habu za mbele zinakua kitu cha kuisha kama pedi tu. Siku imeisha nikasema. Kumbe kwenye lile kundi tulikua MX-5 tano na wawili wamebeba habu ya akiba kwenye buti. Mmoja kaja na spana ya 29, mwingine kakaa ndani kakanyaga breki, mwingine kashika bomba la kurefushia, ile nati imekazwa na kugongwa ukingo wake ili isifunguke, tuliipigia kelele kama tunavuta jahazi pwani ikaachia kwa mlio mmoja. Dakika 40 nikarudi uwanjani. Yule mwenye habu nilimwambia, "Kaka nitakununulia nyingine," akasema, "We inunue uiweke kwenye buti yako, mwingine atakuja kuililia."

Kwa hiyo kabla hujachagua angalia wale unaoenda nao wana nini. Kama wana 86 zote, nunua 86, mtabadilishana pedi, rimu, mafaili ya kutyuni, na mtu atakupa namba zake za presha za tairi ukaanze nazo badala ya kubahatisha. Na utajifunza, maana mkiwa na gari sawa jamaa akikupita sekunde mbili kwa raundi huna cha kusingizia. Mi na huyu wangu wa 86 miaka miwili ya kwanza kila mmoja alikua na sababu, yeye uzito, mi farasi. Siku tuliyobadilishana funguo alienda kwa kasi kuliko mimi kwenye gari yangu mwenyewe. Kimya kirefu kwenye chakula siku hiyo.

Kwenye kubeba mizigo 86 inashinda kwa mbali, ukilaza siti za nyuma tairi nne zinaingia ndani na jeki na begi la spana. MX-5 tairi nne hazikai popote, utaunga trela ndogo au utamwomba mwenye 86 akubebee, mi ndo ninavyofanya, nalipa kwa chakula.

Ukikagua ya kununua

MX-5 chungulia kutu kwenye vizingiti vya chini ya milango, hasa kuelekea tairi la nyuma, bonyeza kwa kidole kabisa, rangi mpya hapo ni ishara mbaya. NA za mwanzo kabisa, mpaka za 1991 hivi, pua yake ya krenkshafti ni fupi na puli inaweza kulegea ikaila, uliza fundi anayezijua. NA za 1.6 difu yake ni nyepesi, ya 1.8 ngumu zaidi. ND ni gari tamu, ila giaboksi za mwanzo zililalamikiwa sana na Mazda wakaziboresha baadae, kwa hiyo mwaka wa gari una maana.

86 za 2012 na 2013 ziliitwa kurudishwa 2018 kwa ajili ya springi za valvu, na kuzibadilisha ni kazi kubwa ya kufungua injini. Kwa hiyo maswali ni mawili, kwanza kama ilifanyiwa, pili nani alifanya, maana silikoni ikipakwa kwa kumwaga vipande vinaweza kuishia kwenye njia za oili. Omba makaratasi. Difu ya kubana ya Torsen (inazuia tairi moja ya nyuma kuzunguka bure) gari nyingi zinayo toka kiwandani, hiyo ni faida kubwa, kwenye MX-5 inabidi uitafute.

Turbo sijaisahau. Gari zote mbili nilizozieleza zinapambana na joto zikiwa na nguvu za kiwandani, sasa ukiongeza turbo unaongeza nini?

Mi leo ningeulizwa: mtu mrefu, au anayeendesha gari hiyohiyo kwenda kazini, au mwenye watoto wa kuweka nyuma hata kwa shida, 86, na kipoza oili kabla ya siku ya kwanza. Mtu wa kwenda traki mara nyingi na mfuko wa kawaida, anayependa kushika spana, ambaye kupitwa kwenye mnyoofu hakumnyimi usingizi, MX-5 NB ya 1.8, geji mbili, sponji za kuzibia, rolba. Kama huna uhakika wewe ni yupi, nenda siku moja kama mtazamaji, omba ukae kwenye gari ya kila aina na helmeti kichwani, mkanda umefungwa, na mtu mwingine nje ameshika ufito.